Ugoro wa Meza Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimetwanga ugoro tangu asubuhi. Tumbaku, magadi kidogo, kuchekecha, chafya. Mchana, sokoni kwetu hapa Maji ya Chai, alikuja mwanamke mwenye koti la mvua. Akaniamkia shikamoo. Dokta Aneth, mtafiti. Anapima sumu za saratani kwenye tumbaku. Kanunua ugoro wangu na wa wenzangu. Anasema atarudi na majibu. Simwamini. Watafiti wakishachukua, hawarudi.

Ijumaa, 13 Juni
Amerudi. Hata kwa diwani hajafika, kaanza na sisi wauzaji. Kaketi juu ya ndoo, akaeleza taratibu. Ugoro hauna moshi, lakini sumu zinazaliwa tumbaku inapokaushwa na kuvundikwa. Zinaharibu mwili kuanzia mdomoni. Wangu unazo pia. Nimekasirika. Meza hii imesomesha wanangu.

Jumanne, 17 Juni
Mkutano wa kata. Diwani anataka tuweke onyo kwenye pakiti, na watoto wasiuziwe. Wenzangu walizomea. Mzee Elifasi, mteja wangu, akasimama. "Nimebwia tangu ujana. Mbona sijaugua?"

"Sijui nani ataugua, mzee wangu," dokta akajibu. "Ninachojua, wanaobwia wanaugua zaidi kuliko wasiobwia."

Basi. Hakutia chumvi. Angeweza kututisha, hakufanya. Hapo ndipo nilipomheshimu. Onyo limepita.

Alhamisi, 19 Juni
Kuna doa jeupe ndani ya mdomo wangu wa chini, pale pale ninapoweka ugoro. Muda mrefu nimesingizia pilipili. Nimempigia dokta. Naogopa.

Jumatano, 25 Juni
Hospitali, mjini. Dokta amekaa foleni nami kama binti yangu. Wamekata kipande cha nyama penye doa wakapime. Nimemuuliza kwa nini alichagua kazi hii. Akasema mtu hawezi kukwepa asichokijua. Kisha akaninunulia uji.

Ijumaa, 11 Julai
Si saratani. Lakini doa la namna hii huweza kugeuka. Wamesema niache ugoro, niwe narudi kuangaliwa. Nimelia kwenye ngazi za hospitali. Mate yananijaa kwa hamu, kichwa kinauma. Sijagusa.

Jumamosi, 19 Julai
Mezani ni ndizi na vitunguu. Wateja wachache. Mzee Elifasi kaja kuulizia ugoro. Nikamwambia siuzi tena, nikamweleza na habari ya doa langu. Akalaza fimbo, akaketi, akafungua mdomo. Nikawasha tochi ya simu, nikaangalia.