Jina la Mama Kwenye Mijusi

Morenike,

Akara, bagia zako za kunde, ziko kwenye bakuli, nimezifunika. Kula, hata kama bado umeninunia.

Asubuhi mchapaji aliposema jina la marehemu mama yako linaharibu michoro ya mijusi aliyotuachia, haipendezi ikichapwa kwenye vikombe, nikamjibu, "Lifute tu." Sikufikiri.

~~Ila na wewe kunijibu vile mbele ya mgeni~~ Hapana. Ulisema kweli: "Baba, mjusi wa ukutani sisi Wayoruba tunamwita mtoto wa mwenye nyumba. Ukimfuta mama, mwenye nyumba ni nani?"

Nimemfuata mchapaji kabla hajaanza kazi. Akikataa kuliacha jina, narudi na picha zote, na chai tutaendelea kunywea vikombe visivyo na mjusi.

Usiweke komeo mlangoni.

Baba yako aliyekosea