Koko, Paka Wako Wamerudi Ndani

Koko yangu,

Mimi mjukuu wako nakuandikia kwa Kiswahili, maana Kifaransa changu cha shule ulikuwa unasema kinakuchosha masikio.

Tangu tukuzike, depo lako la kuwekea mchele analishika mwanao, Tonton Saidi. Kazi anaiweza, sina la kumsema. Ila panya walimtia hofu, basi akaacha mlango wa nyuma wazi usiku na mchana, paka wazunguke wanavyotaka. Wewe ulikuwa unawafungia ndani kila jioni pamoja na vichwa vyao vya samaki, na huwatoi mpaka jua lipande. Asubuhi sisi wawili tunaanika mpunga uani kwenye turubai, na wale ndege wa manjano wanashuka kutoka mti wa ngazi, ule mchikichi wa uani. Mimi nilikuwa nawafukuza. Ukanishika mkono: "Acha bakule kidogo. Nabo iko na batoto."

Koko, Madame alianza kuleta ndege. Si unamjua, yule paka wa kijivu asiyeharakisha. Alizoea kuweka panya mbele ya kigoda chako, angoje umshukuru kwa ile merci yako. Sasa akaweka ndege mdogo, hata manyoya hayajamtosha, akakaa anakitazama kigoda. Mimi nimwambie nini? Nakiri kwako: siku ya mazishi sikulia. Siku ile ya ndege nililia. Kesho yake akaleta mwingine, na mwingine, mpaka asubuhi zetu zikawa kimya kabisa.

Tonton naye alichoka kufagia manyoya. Siku ya dua yako ya arobaini, watu wote wamekaa, akasema paka wamezidi. Watiwe kwenye gunia, wavushwe mto, watupwe huko. Panya watawekewa sumu.

Unanijua mbele ya watu. Hapa nyumbani wananiita Bubu, kwa mchezo, eti. Wewe hukuniita hivyo hata mara moja. Ulinipa kazi pembeni yako, ukaningoja. Bon, nilikuwa nimeshika sinia la pilau, nikasema:

"Tonton, panya iko ndani. Sasa paka inatafuta nini inje?"

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. Tonton akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto wa jirani.

"Kumbe Bubu iko na kinywa. Bon, kamata funguo ya depo. Panya ikitoboa gunia, nitakuita weye."

Funguo nikazipokea, na jioni ile ile nikawafungia paka ndani.

Magunia yako salama, Koko. Paka wanalala depo, wamenuna, Madame zaidi ya wote. Ndege hawajarudi wote, sitakudanganya. Lakini juma hili kuna dume mmoja anafunga majani kwenye ncha ya kuti. Anafunga, anabomoa, anaanza upya, na kelele zake zote hizo kwa nyumba ambayo haijasimama. Ungemcheka.

Asante. Nilidhani unanifundisha kuanika mpunga tu. Asante kwa asubuhi zile ambazo hukunilazimisha kusema neno, nami nikaishia kukuambia kila kitu.

Pumzika, Koko. Mungu akupe nafasi na mwanga huko uliko. Jioni nitafunga mlango, nitaufungua jua likishapanda. Na mtu akiniuliza kwa nini, sitatazama chini. Nitamjibu.

Mjukuu wako,
Nuru