Chumba cha Tatu Kule Mosel

Farsta, Jumapili, mwezi wa tatu

Jua limetoka leo, lakini ni lile jua la Machi la huku: linang'aa dirishani, ukitoka nje masikio yanaganda. Nimekaa jikoni, koti sijavua. Acha niandike kabla sijaanza kujionea huruma nikapunguza mambo.

Nimeona wivu. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mwenye mtoto chuo kikuu, nimeona wivu mpaka nikasema uongo.

Mimi na Grace, Mganda wangu wa Vällingby, tunajuana tangu darasa la Kiswidi, tulipokuwa tukikaa nyuma na kuchekana matamshi. Kiswahili chake ni cha kuungaunga, Kiingereza changu ni hivyohivyo, na bado hakuna anayenielewa kama yeye. Miaka miwili sasa tunapanga safari moja: tushuke na gari langu mpaka Trelleborg, tuvuke kwa feri, tuendeshe hadi bonde la Mosel kule Ujerumani, ambako mizabibu imelimwa tangu enzi za Warumi, tuonje mvinyo kijiji kwa kijiji wakati wa mavuno, mwezi wa tisa.

Kwake ni likizo. Kwangu ni zaidi. Baba yangu alikuwa mtu wa kupogoa mizabibu katika shamba la misheni, nje ya Dodoma. Nimekua nikifukuza ndege kwenye zile zabibu na kubeba kreti kichwani. Mvinyo wenyewe ulikuwa wa watu wengine. Nataka nisimame kwenye miteremko ya Mosel, ambako nasikia watu wanavuna kama wanaotambaa kwa ule mwinuko, nami nimiminiwe glasi yangu kama mgeni wa heshima. Grace alilijua hilo. Ndiyo maana alikubali Mosel, wakati yeye alitaka ufukwe.

Sasa, Jumamosi ya wiki jana nikamkuta Mama Clarisse kwenye sofa la Grace.

Mama Clarisse ni Mkongo wa Bukavu, anakaa Jakobsberg. Yeye na Grace wanaimba kwaya pamoja tangu Krismasi. Kabla ya kuja huku alifanya kazi miaka mingi mgahawani Brussels, na mvinyo anaujua. Alifungua chupa aliyokuja nayo, akazungusha glasi, akatia pua, akatuambia waonjaji wa kweli hawamezi, wanatema kwenye ndoo. Grace alicheka mpaka akafuta machozi.

Kile kicheko nilidhani ni changu.

Kisha Mama Clarisse akavuta daftari la safari. Daftari langu! Akasema kijiji hiki tukiruke, kile tulale siku mbili, na tukiwa kule kwa nini tusiingie Ufaransa kidogo. Kila alichosema kilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniuma.

"Eli," Grace akaniambia, "Mama Clarisse aje na sisi, sivyo?"

Nikasema karibu sana. Mdomo ulitabasamu.

Jumanne nikawaandikia kwenye simu, wote wawili. Nilisema nimepigia ile nyumba ya wageni ya familia ya wakulima tuliyoichagua kule Mosel, na wamebaki na chumba kimoja tu cha vitanda viwili. Kijiji kizima kimejaa kwa sababu ya mavuno. Sikuwa nimempigia mtu yeyote.

Mama Clarisse akajibu: "Haina shida, dada zangu. Mwaka ingine."

Nilifurahi. Acha niliandike na hilo. Nilipika pilau siku ya kazi, nikaimba.

Furaha haikukaa. Alhamisi Grace alinipigia, akasema amesikitika, lakini anajua nimejitahidi, maana mimi huwa sikosi kujitahidi. Nilisimama kwenye korido ya nyumba ya wazee ninapofanya kazi, simu sikioni, nikaaga haraka.

Leo baada ya ibada nikapanda treni ya Jakobsberg.

Mama Clarisse alifungua mlango akiwa na aproni, nyumba inanukia sombe, kile kisamvu cha kwao. Clarisse, binti yake, alinisalimia kwa Kiswidi bila kuinua macho. Nilikaribishwa nikae, nikasema nikikaa sitaongea. Nikamwambia yote. Kwamba sikuuliza vyumba. Kwamba nilitaka asije.

Akafunika sufuria. "Nilishajua, dada," akasema kwa kile Kiswahili cha kwao. "Ile namba niliiona mu daftari yako. Jumatano nilipiga kule. Banasema vyumba iko."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Grace.

"Nimuambie nini? Eti rafiki yako ni muongo? Hapana." Alikaa, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na mimi ile siku nilikuwa na wivu. Nyinyi munacheka mambo ya miaka yenu, mimi sijue munacheka nini. Njo maana niliongea mingi, ya mvinyo, ya ndoo. Nilitaka munione."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Nikamwomba msamaha, nikamwomba aje. Hakusema ndiyo. Alisema, "Nitawaza," akanipakulia. Nikala chakula cha mtu niliyemfukuza safarini, na kilikuwa kitamu.

Kwenye treni ya kurudi nikampigia Grace, nikamweleza nilichofanya. Treni ikasimama kituoni. Milango ikafunguka, ikafungwa.

"Eli. Wewe?"

Kisha akasema atanipigia baadaye. Hajapiga.

Nimeiandikia nyumba ya wageni, safari hii kweli, nikaomba vyumba vitatu. Mwenye nyumba amejibu upesi: vipo, atanishikia mpaka Ijumaa. Huenda tutakuwa watatu. Huenda nitakuwa mimi na gari tupu, na hilo nimejitakia mwenyewe.

Natamani niandike kwamba wivu umeisha. Haujaisha. Nikimwona kichwani Mama Clarisse amekaa mbele, ramani mapajani, Grace nyuma anavunjika mbavu, bado nataka kuligeuza gari. Ila nimeamua: wakikubali kuja, kiti cha mbele ni cha Mama Clarisse mpaka Trelleborg.

Baada ya feri, tutaona.