Kengele ya Mteremkoni

Kalenga, 6 Mei 1956

Dada yangu Lea,

Kamwene. Natumaini wewe na shemeji Gideoni ni wazima. Huku miili haina neno, ila Mama hana raha wiki nzima, na kosa ni langu.

Barua yako ilifika Jumamosi. Mama alikuwa anapepeta, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma kila neno, kama mwalimu anavyotaka. Nikafika pale ulipoandika: "Kengele ya baiskeli ya baba mkwe ikilia, natupa jembe nakimbilia migombani." Mama akaweka ungo chini.

"Rudia."

Nikarudia.

"Mwanangu anakimbizwa na mzee mwenye baiskeli!"

Ningeruka mstari ule, dada, lakini macho yangu hayajui kuruka. Sasa Mama anakula matonge mawili matatu tu. Chumba chako amekifagia na kitanda kipo tayari. Anasema kama unateswa, urudi nyumbani. Tafadhali eleza upesi.

Mimi mdogo wako,
Edmund


Ipinda, kwa posta ya Tukuyu, 19 Mei 1956

Mdogo wangu Edmund,

Salamu nyingi kutoka kwenye ndizi na joto. Mimi mzima, na nimecheka mpaka Gideoni akauliza kuna nini. Halafu nikafikiria kile kitanda, kicheko kikaisha.

Sikia. Kwa watu wa huku, mkamwana haonani na baba mkwe. Hatusalimiani, hatukai chini ya paa moja, hata jina lake silitamki, ndiyo maana hapa pia siliandiki. Akipita yeye, mimi ndiye ninayepisha njia. Mwanzoni nililia. Sasa nimezoea. Hajanigusa wala kunigombeza. Miaka miwili naishi chini ya mlima wake na uso wake siujui, namjua kwa kengele tu.

Mweleze Mama polepole. Msije kunichukua. Nikiondolewa kwa maneno kama hayo, Gideoni hataweza kunifuata, na mimi nataka kukaa hapa.

Dada yako,
Lea


Kalenga, 2 Juni 1956

Dada Lea,

Kamwene tena. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sauti nzuri, nikiweka vituo vyote. Mama akasema, "Hiyo imesomwa na mumewe kabla ya kutiwa gundi." Hataki karatasi tena, anataka macho yangu.

Basi nakuja. Shule imefungwa, na mjomba Bartholomeo amenipa baiskeli yake, pampu, viraka na solusheni. Nimeandika njia yote kwenye daftari: Iringa, Sao Hill, Nyololo, Makambako, Mbeya, kisha msitu wa Rungwe hadi kwako. Ramani ya shule haina milima, ina rangi ya kahawia tu. Naondoka Jumatatu. Mama amesema nikiona alama hata moja mwilini mwako, nirudi nawe kwenye keria.

Siogopi njia. Naogopa kuongea na huyo mzee.

Mdogo wako,
Edmund


Mbeya, 10 Juni 1956

Dada Lea,

Nakusalimu nikiwa na miguu isiyotaka kukunja. Nimefika Mbeya. Rangi ya kahawia kwenye ramani maana yake ni kushuka kwenye baiskeli na kuisukuma.

Sao Hill nilishikwa na baridi hadi vidole vikasahau breki. Nyololo mfanyabiashara mmoja, Mzee Bushiri, alinilaza barazani kwake akanipa chai ya tangawizi. Alipoona daftari langu alisema, "Mwanafunzi, umeandika maili zote. Umeandika wapi pana chai?" Tangu hapo naandika na chai.

Kesho naingia msituni. Baruani nina maneno mengi ya kumwambia baba mkwe wako, mdomoni sijui.

Edmund, mdogo wako


Kalenga, 8 Julai 1956

Dada yangu mpenzi,

Nimefika salama, na salamu zako zote nimezigawa. Asante kwa siku zile, na kwa kunipeleka Mwaya. Sikujua ziwa linaweza kuwa na mawimbi.

Kuna jambo sikukwambia nilipokuwa kwako, kwa aibu. Kwenye karatasi naweza.

Juu kule Isongole, kwenye ukungu na mianzi, mnyororo wangu ulikatika. Akatokea mzee mwenye koti refu na baiskeli yenye kengele kubwa kama kikombe. Alitoka Mbeya kumtazama ndugu yake mgonjwa. Akaufunga mnyororo kwa waya, tukaenda pamoja. Dada, yule mzee anapenda mteremko kuliko mtu yeyote niliyemwona! Anaacha pedali, ananyoosha miguu, koti linapepea, anapiga kelele, "Shika roho, mwanafunzi!" Mimi nyuma nimebana breki zote mbili.

Tulilala Tukuyu kwa jamaa zake. Tukila ndizi akaniuliza naenda wapi, nami, ambaye darasani sinyooshi mkono, nikasema yote. Kwamba dada yangu anakimbizwa na mkwewe. Kwamba Mama halali. Mzee akaacha kutafuna.

"Na ukimwona huyo mkwewe, utamfanya nini?"

"Nitamwambia ukweli."

"Vizuri. Mwambie."

Kesho yake tukateremka, tukacheka njia nzima. Tulipofika juu ya mlima wa mwisho, ziwa likionekana mbali, akashuka kwenye baiskeli. Nikashangaa, kwani mlima ule ni laini, hauna hata jiwe. Akapiga kengele mara tatu. Akasubiri.

"Mbona tumesimama, mzee?"

"Nampa mkamwana wangu nafasi."

Chini kule nikaona kitambaa cha bluu kichwani mwa mtu. Jembe likaanguka, kitambaa kikaingia migombani bila haraka. Kitambaa kile nilikinunua mimi Iringa, dada.

Mzee akanitazama. "Haya. Niambie ule ukweli."

Nikainama nikajifanya nakaza ule waya wa mnyororo. Yeye akacheka kidogo tu. Akasema, "Huu ndio mteremko mzuri kuliko yote. Tangu mwanangu aoe sijauteremka hata siku moja. Baiskeli ni nyepesi kuliko miguu ya mtu mwenye jembe, nitamkuta njiani." Kisha akaisukuma baiskeli yake hadi njia panda, akaenda kwake.

Jina lake alinitajia. Siliandiki, nimejifunza.

Mama nilimweleza haya yote jikoni. Aliuliza swali moja: "Kengele hulia kwanza, au mkimbiaji hukimbia kwanza?"

"Hulia kwanza, Mama. Na husubiri."

Akavuta sahani ya ugali. Alipomaliza akasema, "Mwambie Lea akae kwake." Kwenye kile kitanda sasa nalala mimi.

Mdogo wako mwenye aibu,
Edmund


Ipinda, 13 Agosti 1956

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na za Gideoni, na za mtu mwingine ambaye hawezi kuzituma kupitia kwangu. Mpe Mama mikono yangu yote miwili.

Barua yako niliisoma nimekaa kizingitini, nikarudia pale pa mteremko. Miaka miwili nimesikia kengele, sikujua baada ya kengele kuna mtu anasukuma.

Nikamwambia Gideoni ampelekee baba yake neno hili: kila Jumamosi, kuanzia saa nane hadi saa kumi, mimi nitakuwa shamba la bondeni, ng'ambo ya mto. Sikuongeza kitu.

Jumamosi ya kwanza kengele ililia mara tatu kama kawaida. Alisukuma. Nadhani hakuamini.

Jumamosi iliyopita nilikuwa bondeni navuna maharage na jirani yangu Lusia. Kengele ikaanza kule juu, na haikunyamaza. Ililia mfululizo, ikishuka, ikikaribia, kuku wa watu wakapiga kelele, na mwanamke mmoja kule mteremkoni akaita, "Mzee, utajiua!"

"Breki zipo!" akajibu. Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake. Ni nyembamba, sikuitegemea.

Lusia akanishika bega. "Lea, tazama! Koti linaruka!"

Sikutazama. Nilimpa mgongo kama inavyotakiwa, uso kwenye maharage, nikicheka. Lakini nilimsikiliza toka juu mpaka darajani, na breki hakuzishika hata mara moja.

Mimi dada yako,
Lea