Jamaldini aliniambia hapati usingizi

Ummy uko wapi? Nipo kliniki na Jamaldini, mdogo wangu. Machozi hayakauki.

Daktari kasema ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona, Ummy! Na mimi miezi yote hii namwita mvivu.

Si unajua tangu aanze ulinzi wa zamu, wiki usiku wiki mchana, usingizi ulimkimbia. Anashinda kitandani macho kodo, chakula hagusi, msikitini haendi. Juzi nikamsema mbele ya wageni: "Mwanaume mzima saa saba mchana bado umelala!"

Leo daktari kamuuliza, "Ulimwambia mtu kuwa hulali?"

Akajibu polepole, "Nilimwambia dada. Mara mbili."

Mara mbili, Ummy! Na ni kweli. Nilikuwa nakaanga sambusa, nikamwambia apunguze simu. Nikacheka kabisa.

Daktari anasema kukosa usingizi na sonona vinachocheana, kimoja kinazidisha kingine. Kampa dawa, na barua ya kuomba aondolewe zamu za usiku.

Nikamwomba msamaha hapa hapa kwenye benchi. Kaniegemea begani, kasinzia.

Mkono umekufa ganzi, naandika kwa kidole kimoja. Sisogei.