Ukurasa Niliosema Nimeuelewa

Jumamosi, Kilosa. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu mzito.

Namkumbuka Babu. Yupo, ni mzima, ila yeye na Bibi walihamia Mikumi na ofisi yao ya kuchapisha vitabu, kando ya barabara kuu, ili malori yabebe maboksi kwa urahisi. Nyumba hii bila wao imepoa.

Babu na Bibi walikuwa walimu. Serikali iliporuhusu watu binafsi kuchapisha vitabu vya shule, walianzia hapa sebuleni, kwa ajili ya watoto wa kijiji cha Kidete waliokuwa wakigombania kitabu kimoja dawati zima. Sharti lao lilikuwa moja: kitabu hakiendi kiwandani kuchapwa mpaka mtoto wa nyumbani akisome, akifunge, aeleze kwa maneno yake. Akikwama, wanaandika upya.

Nilipokuwa darasa la tatu, mtoto huyo nilikuwa mimi.

Natamani zile alasiri zirudi. Bibi akinimenyea chungwa, Babu akinisikiliza kana kwamba mimi ndiye mwalimu wake.

Sasa niseme ukweli. Somo la udongo kumomonyoka kando ya mto Mkondoa sikulielewa hata kidogo. Nililikariri, nikalitema kama lilivyo, kwa sababu niliona aibu kukwama mbele yake. Babu akapiga makofi. Kitabu kikachapwa.

Jana binamu yangu Neema, naye yuko darasa la tatu, alilisoma somo hilo mara nne, kisha akakisukuma kitabu.

"Dada, mimi kichwa changu kigumu. Wenzangu wote wanasema wameelewa."

Sikulala vizuri.

Kitabu hicho kinachapwa upya wiki ijayo. Leo mchana nikaomba simu ya mama.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mama. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza yote.

"Miaka yote hiyo," akasema taratibu, "na mimi nikijisifu kwa ukurasa ule."

Niliomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kalamu unayo? Somo hilo liandike wewe. Neema akikwama, futa. Asipokwama, niletee."

Tumefuta mara tatu. Neema bado anakwama kwenye sentensi ya pili, na anakwama kwa sauti kubwa, bila aibu, jambo ambalo mimi sikuliweza.

Nimeanza kuliandika kwa mara ya nne. Kiti cha Babu kiko wazi ng'ambo ya meza. Je, naye alijisikia mpweke hivi alipokuwa akiandika?