Vichanja sifuri, miti miwili

Jumatano, mvua tangu asubuhi. Kamina yote ni tope jekundu, na magoti yangu yalijua kabla yangu.

Nianze na lililo zito. Jana nilimpa prefe, mkuu wa shule yetu, barua. Niliandika kwamba Numbi, msichana aliyetujia kutoka upande wa Mulongo, kando ya Lualaba, bila karatasi yoyote ya shule, hafai darasa la saba. Arudishwe la sita. Uamuzi utasomwa kesho asubuhi mbele ya bendera. Prefe nilimfundisha mwenyewe alipokuwa mtoto. Neno langu halipimi mara mbili.

Sababu yangu ilikuwa hii: kila ninapowapa kazi ya vijiti, wenzake hupanga, huhesabu, hujaza jedwali. Numbi husimamisha kijiti kimoja au viwili, kisha hukaa.

Nina tabia ya kujisifu kwamba siwapi watoto kanuni, nawaacha waitafute. Si kweli kabisa. Nawaacha dakika tano, halafu uvumilivu unaniisha na nasema yote mwenyewe. Leo mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata sauti yangu haikufika dawati la pili.

Nikanyamaza.

Nilikuwa nimechora ubaoni vichanja vya kukaushia samaki vilivyopangwa mstari mmoja, kama vile vya kambi ya wavuvi ya utoto wangu kando ya mto Lualaba. Kichanja kimoja kina miti minne. Viwili vikishikana vinatumia pamoja miti miwili ya katikati, kwa hiyo sita. Vitatu, minane. Je, vichanja ishirini?

Wengi waliandika themanini, yaani minne mara ishirini. Mukalay, mwepesi kuliko wote, aliona kwamba inaongezeka miwili miwili, akaandika arobaini. Nilimwonyesha kwa kidole kichanja cha kwanza: hesabu tena. Akakunja uso.

Numbi alikuwa amesimamisha vijiti viwili kwenye donge la udongo. Basi.

Mvua ilipopungua, Mukalay alimgeukia. "Weye, uko unapanda manioc?"

Darasa likacheka: kweli vilisimama kama mihogo iliyopandwa. Nakiri, hata mimi nilitabasamu.

"Ile mbili iko ya kambi," Numbi akasema bila kuinua macho. "Mwenye kufungula kambi njo anaipandaka, mbele bantu bakuye. Kiisha kila muntu anakuya na miti yake mbili, anafunga kichanja yake ku ya mwenzake."

Yaani mwanzilishi wa kambi huisimamisha hiyo miwili kabla watu hawajafika. "Na bantu makumi mbili?" nikamuuliza.

"Banakuya na quarante. Na ile mbili ya kambi. Quarante-deux, mwalimu."

Mukalay aliurudia mchoro kwa ncha ya kalamu, mti kwa mti. "Eh! Njo ile mbili ilinipotea!"

Arobaini na miwili. Numbi hakuwa amekwama. Alikuwa anaanzia mahali ambapo sisi wote tulipita bila kupaona. Nikachukua chaki, nikaongeza mstari juu ya jedwali, kabla ya kichanja cha kwanza: vichanja sifuri, miti miwili.



Jambo hili nililijua. Nilikuwa na umri wa Numbi tulipoikimbia kambi yetu. Kila mtu aling'oa miti yake miwili akaipakia mtumbwini, maana kwenye mabwawa yale mti mgumu haupatikani hivi hivi. Baba aling'oa yetu. Nilipogeuka nyuma, ukingoni ilikuwa imebaki miwili tu, ile isiyo ya mtu. Nimeishi Kamina miaka mingi kuliko kule, nimesoma vitabu vingi, na leo nimetunga swali kutoka kambi ile ile nikiwa nimesahau mwanzo wake.

Nilipofika hapa, mimi pia sikuwa na karatasi. Nilirudishwa madarasa mawili. Hakuna aliyeniuliza ninajua nini.

Na jana nimemfanyia mtoto huyu hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri.

Baada ya kengele Numbi alikuja mezani kurudisha vijiti. "Mwalimu, kesho tutafanya ya vichanja makumi tano?"

Nilimwambia vijiti akae navyo. Sikuweza kumwambia kesho kuna nini.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini. Prefe alikuwa ameshaondoka, mlango umefungwa, barua yangu imo ndani.

Kwa hiyo kesho, kabla watoto hawajapanga mistari, nitakuwa nimesimama mlangoni pake. Itaniuma. Tangu akiwa mtoto hajawahi kunisikia nikisema nimekosea, na sijui sauti yangu itatokaje. Sitabishana naye wala sitamweleza mengi. Nitamwomba barua yangu, na nitamwomba aingie darasani pamoja nami kabla ya kwenda kwenye bendera.

Nimeagiza ubao usifutwe.